Mlinzi wa Mdomo wa Bomba

Pampu si mtu wa kuzungumza naye. Huvuma mchana kutwa na usiku kucha, na ukishaizoea hata mvumo wenyewe huusikii tena. Unabaki na kimya chake. Hiskia Apollus alikuwa amekwisha kuizoea. Kazi yake ilikuwa kulinda mdomo wa bomba, mahali pale kusini mwa mji wa Lüderitz ambapo maji ya bahari huvutwa kutoka mwambani na kusukumwa hadi kiwandani, ng'ambo ya vilima. Huko maji huondolewa chumvi, kisha umeme wa upepo na wa jua huyapasua: oksijeni huachwa iende zake, na hidrojeni hukingwa kama maziwa ya mbuzi wa mwisho, hata tone lisipotee. Hayo yote Hiskia alikuwa ameelezwa. Kuyaona, hakuwa ameyaona. Yeye alijua upande wa bahari tu.

Kila asubuhi alishika reki yake yenye mpini mrefu akaondoa mwani mnene uliojikunja kwenye chujio. Aliyatazama yavuyavu laini kama ute, ambayo huja kwa makundi na kuziba kila tundu. Aliitazama na rangi ya maji, kwa kuwa bahari ya huku ina vituko vyake: siku nyingine hugeuka kijani kama maziwa yaliyotiwa majani, ikanuka yai viza, na maji ya namna hiyo yakiingia kwenye mitambo huila. Akiyaona aliita redioni, pampu ikazimwa. Asipoona kitu, Kituo, kule kiwandani, ndicho kilichomwita yeye.

"Mdomo, Mdomo, hapa Kituo."

"Mdomo nakusikia."

"Hali?"

"Safi."

"Haya."

Mazungumzo ya siku yakaishia hapo. Jina lake hakuna aliyelitaja. Redioni aliitwa Mdomo. Siku moja alijaribu kurefusha. "Safi," alisema, "ila leo sili mmoja amelala juu ya chujio kama bwana harusi." Redio ikakoroma, ikanyamaza, kisha ikauliza kwa wasiwasi, "Rudia, Mdomo. Kuna hitilafu?"

"Hakuna hitilafu."

"Haya."

Hakujaribu tena.

Alikuwa ametoka Berseba, bara, nchi ya mbuzi na mawe, ambako alizaliwa, akaoa, na akamzika mkewe Elsabe katika baridi ya mwaka ule uliotangulia kazi hii. Watoto hawakujaliwa. Kutoka pwani hadi kaburi lile ni safari ya kuomba ruhusa, kungoja gari, kulala njiani kwa watu. Aliifanya mara moja tu. Lakini siku ya kuondoka Berseba alikuwa amechukua jiwe jeupe kutoka kichwani pa kaburi akalitia katika mfuko wa koti, na alipofika kwenye kibanda cha bati alichopewa alitafuta mahali pa kuliweka. Dirishani halikufaa, bati lilitetemeka na upepo. Akaliweka nje, hatua chache kutoka mlangoni, nyuma ya mwamba mdogo unaokinga upepo, pale ambapo Elsabe angechagua kukaa na ushoni wake.

Jiwe moja peke yake lilionekana kama limeanguka tu. Akaongeza la pili. Tangu hapo kila alipokuwa na neno la kumwambia mkewe alipanda mteremko nyuma ya kibanda, akateua jiwe, akateremka nalo. Hakuokota ovyo. Elsabe alikuwa mwanamke wa gauni la viraka, na viraka vyake havikugombana rangi. Kwa hiyo Hiskia aliteua mawe yaliyoota ule ukungu mkavu wa rangi ya chungwa, na mengine ya kijivu, na mengine yenye madoa meusi, akayapanga upande upande. Maneno yalikuwa mengi. Lundo likapanda hadi gotini, likapita goti, likakaribia kifua.

Wakati huo njia ya malori ilipita karibu na mlango wake. Kampuni ilikuwa inajiandaa kulaza bomba la pili, kubwa kuliko la kwanza, na malori yalishuka ufukoni yakiwa na mabomba, yakapanda matupu. Hakuna lililosimama. Madereva walinyanyua kidole kimoja kutoka kwenye usukani kumsalimu, Hiskia akanyanyua mkono mzima, na vumbi likawafunika wote.

Wa kwanza kusimama alikuwa Penda. Huyu alikuwa kijana mnene wa Kiovambo kutoka kaskazini, dereva mwenye mdomo usiokaukiwa, na alisimama kwa sababu mnyororo wa mzigo wake ulikuwa umelegea. Alipomaliza kuukaza akaona lile lundo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Kumbe na huku yapo! Mawe ya Haiseb." Penda alivua kofia. "Haya mimi sichezi nayo. Kuna mwenzangu, Mnama kama wewe, alipita lundo moja kule njia ya Keetmanshoop. Hakuweka jiwe. Akacheka! Mbele kidogo, mzee, usukani ukamtoka."

"Ukamtoka vipi?"

"Ukang'oka. Akabaki ameushika hivi, kama sahani ya chakula."

Haiseb ni yule babu wa Wanama aliyekufa mara nyingi na kuamka kila mara. Makaburi yake yametapakaa nchi nzima, na yeye hayumo hata katika moja. Apitaye huongeza jiwe, husema neno, akaenda salama. Hiskia alilelewa hivyo, na alijua vizuri alichopaswa kumjibu kijana huyu. Hili si la Haiseb, ni la mke wangu. Maneno yalikuwa yamekwisha kufika kwenye ulimi. Lakini aliona pia kitakachofuata: dereva atampa pole, atakaa kimya kwa heshima, atapanda lori lake. Msiba wa mtu mwingine haumketishi mpita njia. Tangu Jumatatu, siku ya gari la chakula, Hiskia hakuwa amesikia sauti ya mtu ila ile ya redioni.

"Weka jiwe," alisema. "Kisha uje unywe chai."

Penda akaweka jiwe, akamwomba Haiseb ampe ushindi wa bahati nasibu, akanywa vikombe viwili. Alikaa mpaka wakamwita redioni wakiuliza amezama wapi.

Habari za Penda hazijui kulala ndani. Kesho yake yalisimama malori mawili. Wiki iliyofuata wakaja mafundi wa kuchomea mabomba, kisha wapishi wa kambi ya wajenzi wakipanda malori ya watu, kila mmoja na jiwe lake na haja yake. Mpishi mmoja aliyeitwa Katrina alisimama mbele ya lundo mikono kiunoni kama mtu anayedai nauli.

"Babu Haiseb, nataka mume. Asiwe mlevi."

"Mpe yeyote, babu!" Penda alipaza sauti kutoka mlangoni. "Mpe leo hii, aondoke. Huyu anatuua kwa ugali wa mabonge."

"Mabonge yako kichwani mwako. Mbona sufuria hurudi tupu?"

"Tunawapa shakwe!"

Hiskia alicheka mpaka akashika ukuta. Kicheko kilimuuma mbavuni, kama mguu uliolala unapoamka. Jumatatu ile aliagiza birika kubwa na vikombe. Alijifunza kukaanga maandazi; ya kwanza yalikuwa magumu kama nanga, na Penda akashauri yatumike kuzuia bomba lisielee, lakini waliyala. Mgeni njoo, mwenyeji apone: Hiskia alipona. Na jioni, malori yakishakwenda, alisimama peke yake mbele ya mawe akamwambia Elsabe kinachoendelea. "Usikasirike wakikuita babu," alisema. "Hawajui. Angalia wanavyokuja." Kisha akayapanga upya yale yaliyowekwa vibaya, rangi na rangi yake.

Ndipo ikafika zamu ya mtaro wa bomba la pili. Injinia Gerhard, kijana mchangamfu aliyevaa kofia ya jua hata penye ukungu, alikuja akapanda vibendera vyekundu kutoka ufukoni kwenda vilimani, na mstari wa vibendera ukapita katikati ya lundo. Tingatinga likaja. Mwendeshaji wake, Mnama wa Bethanie, alizima mashine mita kadhaa kabla ya kufika, akashuka.

"Kuna nini?" Gerhard aliuliza.

"Simchimbi Haiseb mimi. Mwite mwingine."

Akaitwa mwingine, naye akakataa. Wa tatu alikuwa wa kutoka mbali na hakuwa na habari na Haiseb, lakini Penda alimsimulia kisa cha usukani, safari hii kwa mikono na miguu, na yeye pia akagundua kwamba mgongo unamuuma. Kazi ikasimama. Gerhard hakuwa mtu mbaya. Alivua kofia, akalizunguka lundo mara mbili, akapiga simu Windhoek.

Afisa wa mambo ya kale aliyetumwa aliitwa Rosalinde Boois, mwanamke wa makamo, mtaratibu, na yeye mwenyewe binti wa Kinama. Hakugusa kitu. Alipiga magoti mbele ya mawe na kioo cha kukuzia akatazama ule ukungu wa rangi ya chungwa kwa muda mrefu sana.

"Unaona huu, mzee?" alisema. "Unakua polepole mno. Wenye upana wa kiganja, kama huu hapa, umeanza kabla babu yangu hajazaliwa."

Ni kweli, Hiskia aliwaza. Lakini ulianzia kule mteremkoni, mimi nikaushusha. Akafungua kinywa. Rosalinde alikuwa amesimama anajifuta magoti.

"Ninasikia kwako chai haikosekani," alisema. "Sukari vijiko vitatu, kama unayo."

Akaingia ndani, akaketi kwenye kiti cha pili, cha wageni. Huyu mwanamke mtulivu akapuliza chai, akauliza Hiskia ni wa wapi. Kusikia Berseba akataja kwaya ya kanisani kwao, na mlima uliopo nyuma, na jinsi nyama ya mbuzi wa kule inavyonukia majani anayokula. Walizungumza mpaka kivuli cha kibanda kikageuka upande. Hiskia alifunga kinywa chake juu ya lile jambo na kulifungua juu ya mengine yote.

Wiki iliyofuata wakaja wajumbe wa baraza la jadi la Wanama, wazee na akina mama waliovaa magauni ya viraka, wakileta mbuzi na unga. Waliimba. Moshi wa nyama ulipanda pale ambapo miaka yote hakukupanda kitu ila ukungu. Usiku ule Hiskia alilala kwa sauti za watu nje ya bati, akasikia mtu akikohoa, mwingine akimkemea, na kukohoa kwenyewe kukawa kutamu kwake kama wimbo. Alijua anafanya kosa. Alijiambia atasema kesho. Kesho yake wageni walikuwa bado wapo, na nani huwafukuza wageni kwa mkono wake?

Ukweli ulimjia siku Gerhard alipofika mbio na karatasi ya ramani mkononi, uso umemwiva kwa furaha.

"Tumeliokoa, mzee! Bomba litapinda, tazama, litazunguka hivi. Na hapa pote tutaweka uzio, mtu asiingie ila kwa ruhusa. Hata malori hayatalitikisa tena."

"Hayatalitikisa vipi?"

"Njia tunaihamisha. Itapita kule ukingoni." Akaonyesha kwa kidole.

Hiskia akafuata kidole. Ukingo ule wa vilima, kutoka mlangoni kwake, ulikuwa mstari wa kijivu. Gari likipita kule lisingezidi mdudu anayetembea juu ya kamba.

"Na hii inayopita hapa?"

"Hii itafungwa. Moja kwa moja." Gerhard alimpiga bega kwa upole. "Utapata utulivu sasa. Wamekusumbua vya kutosha."

Siku ya kikao cha kutia sahihi mpango huo, Hiskia alipanda lori la Penda kwenda kambini. Njiani akamwambia. Alimwambia bila kumtazama, macho kwenye kioo cha mbele: jiwe jeupe, Elsabe, mteremko, yote. Penda alisimamisha lori katikati ya njia.

"Ngoja, mzee. Kumbe siku zote hizi namwomba mkeo anipe bahati nasibu?"

"Ndiyo."

"Alikuwa anapenda kamari?"

"Aliichukia. Alikuwa mtu wa kanisa sana."

"Ndiyo maana!" Penda alipiga usukani. "Ndiyo maana sipati hata senti!" Akacheka, kisha akamtazama mzee yule, akaacha kucheka. "Pole, mzee. Kwa nini hukuniambia siku ile?"

"Ungekwenda zako."

Penda akageukia usukani. Akatia gia.

Katika hema la mkutano walikuwepo Gerhard, Rosalinde, na watu wa baraza. Hiskia alisimama, akavua kofia, akasema. Alisema vizuri, polepole, kama mtu anayetoa ushahidi kanisani. Lundo si la Haiseb. Ni mimi niliyelijenga, kwa ajili ya mke wangu, mawe nimeyatoa nyuma ya kibanda. Alipomaliza alibaki amesimama, kofia mkononi. Kisha mzee mmoja wa baraza, mwenye fimbo ya mpini wa shaba, akaanza kutikisa mabega. Alikuwa anacheka, na machoni alikuwa na machozi.

"Mnamsikia?" alisema. "Mnamsikia mlinzi? Baba yangu, wageni walipomuuliza kaburi la Haiseb liko wapi, alisema hakuna. Wakamshika mkono, wakampeleka hadi mbele yake, wakamwonyesha. Akasema, hayo ni mawe ya kujengea zizi la mbuzi." Akamwelekezea Hiskia fimbo kwa heshima. "Ndugu yangu, umelinda vya kutosha. Hawa si wageni. Hawa ni wetu."

Wote wakapiga makofi. Kadiri Hiskia alivyokana ndivyo walivyozidi kumsifu; kwao mlinzi wa kweli hukana, na huyu alikana kuliko wote waliowahi kuwasikia. Penda akasimama kusema na yeye, lakini nani angemwamini Penda, aliyekieneza kisa cha usukani kambi nzima?

Rosalinde peke yake hakupiga makofi. Alimchukua Hiskia nje, nyuma ya hema, mahali penye kinga ya upepo.

"Kuna mtu aliyekuona ukiyaweka?"

"Angeniona nani?" Hiskia alisema. "Nilikuwa peke yangu."

"Chochote kingine?"

"Lile jeupe. Liko chini kabisa, halifanani na mengine. Ni la Berseba."

"Kulifikia ni kulibomoa lundo lote." Alishusha sauti. "Mzee, mimi nakuamini. Karibu niamini. Lakini nikiandika kwamba ni la mkeo, halilindwi tena. Kesho asubuhi mtaro unapita hapo. Nikinyamaza, linabaki, na njia inahama. Ukitaka niandike ukweli, baraza nitapambana nalo, hilo niachie. Sema wewe. Niandike lipi?"

"Siwezi kulihamisha mwenyewe? Jiwe kwa jiwe?"

"Wewe ungehamisha kaburi?"

Kwao kaburi halihamishwi, aliyelala amelala. Na ingawa Elsabe alilala Berseba, kila neno alilopata kumwambia tangu alipomzika lilikuwa pale, limepangwa rangi na rangi yake. Aliyafikiria meno ya tingatinga. Akaufikiria na mlango wake bila mtu, birika kubwa lililojaa, vikombe vimepangwa. Aliyapima yote mawili. Upepo ulipiga turubai la hema kama mbawa.

"Liache libaki," Hiskia alisema.

"Una hakika?"

"Sina. Andika kabla sijasema lingine."

Uzio ukajengwa, mrefu, wa waya mpya unaong'aa, na ufunguo wa lango akapewa yeye. Siku ya kufungua bomba la pili walimpeleka kiwandani, akakalishwa mstari wa mbele karibu na wakubwa, kama mlinzi wa Haiseb. Huko ndiko alikoiona hidrojeni kwa mara ya kwanza, au tuseme alikoshindwa kuiona. Gerhard alifungua valvu ya mrija mwembamba, akauwasha juani mbele ya watu.

"Mzee Hiskia, moto unauona?"

"Siuoni."

"Upo." Gerhard akasogeza ufagio wa makuti mbele ya mrija, na ghafla hewani, pasipokuwa na kitu, makuti yakashika moto. Watu wakaguta. Kisha akachukua sahani baridi ya chuma akaishikilia juu ya moto usioonekana, akamletea Hiskia aishike. Chuma kilikuwa kimetoka jasho. "Ikiungua inarudi kuwa maji," Gerhard alisema. "Hakuna moshi, hakuna jivu. Maji tu, kama yalivyokuwa."

Hiskia alichovya kidole, akalamba. Hayakuwa na chumvi. Yalikuwa yametoka kwake, mdomoni mwa bomba, kwenye mwani na sili. Yamepanda kilima, yamepasuliwa, yamechomwa, na haya yamerudi. Wakubwa walikuwa wakipiga makofi. Yeye alikuwa akitazama tone likiteleza ukingoni mwa sahani, akiwaza kwamba kumbe kipo kitu duniani kinachorudi kuwa vile kilivyokuwa, na kwamba bahati hiyo wamepewa maji.

"Vipi, mzee?" Gerhard aliuliza.

"Ni matamu," alisema Hiskia, akamrudishia sahani yake.

Baada ya hapo ukaja ule utulivu aliokuwa ameahidiwa. Njia ya mlangoni ilifungwa kwa mawe makubwa, na katika msimu mmoja mchanga ukazifuta alama za magurudumu. Pampu mbili zilivuma badala ya moja. Gari la chakula lilikuja Jumatatu kwa njia ya ufukoni, likashusha sanduku, likaondoka kabla maji hayajajaa. Mwanzoni bado alikaanga maandazi. Aliyala mwenyewe, siku mbili, tatu, mpaka yakawa nanga tena. Birika kubwa akaligeuza juu chini rafuni, vikombe akavifunika kitambaa.

Asubuhi alifungua lango la uzio, akaongeza jiwe lake, akafunga. Lundo halikukua tena ila kwa mkono wake. Alikuwa amempata Elsabe wake peke yake kama alivyokuwa mwanzo, na haikuwa kama mwanzo. Kabla ya watu kuja hakujua kinachokosekana. Sasa alikijua kwa majina: kicheko cha Katrina, uongo wa Penda, vijiko vitatu vya sukari. Alimwambia Elsabe, "Leo hakuna jipya," na maneno yale yakawa mazito kuliko jiwe alilolibeba.

"Mdomo, Mdomo, hapa Kituo."

"Mdomo nakusikia."

"Hali?"

"Safi."

"Haya."

Alikuwa na darubini ya kazi, ya kutazamia yavuyavu yakiwa bado mbali. Mchana mmoja, bahari ikiwa shwari na chujio safi, aliigeuza upande wa nchi kavu, kule ukingoni. Aliona lori likitembea polepole juu ya mstari wa kijivu. Likasimama. Mtu akashuka, mnene, akainama, akasimama wima kidogo, akapanda tena. Hiskia akadhani mnyororo umelegea. Lakini baada ya muda likaja lori jingine, likasimama palepale, mtu akashuka, akainama. Na la tatu.

Alishusha darubini. Akaipandisha. Pale walipoinamia palikuwa na kitu cheusi kidogo, mfano wa mbuzi aliyelala.

Kesho yake alisafisha chujio mapema, akatazama bahari mpaka akairidhia, akaita Kituo kabla hakijamwita: hali safi, na anakwenda kukagua bomba, kazi ambayo pia ilikuwa yake ingawa hakuna aliyemdai. Alipanda mteremko nyuma ya kibanda akateua jiwe, la rangi ya chungwa, zuri, lenye upana wa kiganja. Pembeni mwa uzio alisimama.

"Hili si lako leo," alimwambia Elsabe. "Nitakueleza nikirudi."

Alitembea na upepo usoni. Jiwe lilikuwa zito, akalihamisha kutoka mkono huu hadi ule. Alipofika ukingoni alitweta, akaliona lundo kando ya njia: halikufika hata gotini, limetupwatupwa tu, mawe ya kijivu na vipande vya zege na kifuniko cha gurudumu. Aliliweka lake juu. Kisha, kwa kuwa macho yake hayakuweza kuvumilia, akapiga magoti akaanza kulipanga.

Alikuwa bado amepiga magoti aliposikia breki.

"Wee mzee!" Penda alikuwa ametoa kichwa na kifua kizima dirishani. "Nani amekupa ruhusa ya kumchezea babu?"

"Mmemweka vibaya."

"Sisi tumeweka tulivyoweza. Tulikuwa tunakuona kule chini, kama sisimizi. Katrina anakupungia kila siku, hupungi. Akasema umetususa."

"Sikuona," Hiskia alisema. "Ni mbali."

Penda akazima injini. Kimya kikashuka, kimya cha upepo tu, bila pampu. Akashuka na jiwe lake mkononi, akalizungusha zungusha kama mtu aliyesahau alichotaka kuomba.

"Huyu sasa ni nani, mzee?" aliuliza. "Ni Haiseb, au ni mama?"

Hiskia alifikiri. Akasogea kando kidogo kumpa nafasi.

"Weka jiwe," alisema. Kisha akakumbuka kwamba birika liko kule chini, juu chini rafuni, na hapa hana hata kikombe.

"Chai leo hakuna," alisema.

"Ninayo ya chupa," Penda akasema. "Ila ni ya Katrina, usitegemee."

Wakaketi na migongo yao kwenye gurudumu, wakapokezana kifuniko cha chupa. Chini, mbali, bati la kibanda lilimeremeta, na waya wa uzio, na baada ya hapo maji. Muda ulipopita Penda alisimama, akajipangusa vumbi, maana bandarini walikuwa wanamngoja. Hiskia alibaki ukingoni mpaka lori likatoweka, akasikiliza mpaka mlio wake pia ukatoweka. Kisha akaanza kuteremka, mikono mitupu, akiwaza atakavyomweleza mkewe.